Mtoto Aliyefuata Harufu ya Mvua

Malisho ya Habaswein
9 Februari 2025

Kwa abti Shamso, mtoto wa dada yangu,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mimi Dagane, hakuna mtu mwingine amegusa kalamu. Wazee wengine hapa wanaandikiwa na watoto wa duka. Mimi nilikaa ngumbaru Habaswein nikiwa na mvi tayari, nikamaliza kitabu cha kwanza kabla ya wote, na mwalimu alisema mbele ya watu, “Mzee Dagane, herufi zako zimesimama kama ngamia.” Kisomali nakisema, Kiswahili nakiandika. Kwa hiyo vumilia.

Sisi wazima. Mke wangu Lul anakohoa kwa vumbi lakini ulimi wake hauna ugonjwa. Yule ngamia mweupe amezaa jike. Ukame wa jilaal umekaza, mchana uwanda wote unang’aa, na jana niliona ngamia wangu wanatembea ndani ya maji mpaka magotini, shingo zao zinayumba polepole, na maji hakuna. Nilikaa nikawatazama tu. Kengele za mbao nazisikia mbali, kama zinalia ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mume wako Billow nisalimie. Mtoto wako Hamse mshike sikio kwa niaba yangu.

Nimetuma maziwa kwa gari la Ayanle, dumu la manjano, limefungwa kitambaa chekundu, limefukizwa moshi vizuri. Mjukuu wangu Iftin apewe kwanza. Tangu binti yangu afariki, huyo mtoto ndiye jicho langu, na wewe ndiye ulisema asome hapo Garissa kwenye shule unayofundisha, alale bwenini. Mimi nilikubali kwa sababu mimi si mshamba.

Sasa jambo lenyewe. Mvua ya gu ikija tutahama. Wapi, siandiki. Baba yangu hakutaja malisho kabla ya kufika, wala babu yake. Ukitaja mahali, mvua inasikia, inapita kando. Jirani naye anasikia, anatangulia. Shule ikifungwa mlete Iftin, mtatupata. Mtu wa kwetu hapotei.

Ni mimi abti yako, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja,
Dagane


Garissa
27 Februari 2025

Kwa abti yangu Dagane,

Wa aleikum salaam wa rahmatullah. Barua imefika, na dumu pia, na maziwa hayakuharibika njiani. Billow anakusalimu, yuko sokoni kwa mifugo toka alfajiri, anarudi sauti imekauka. Hamse ameota meno mawili na anauma kila kitu. Nilimshika sikio kama ulivyoagiza, akaniuma kidole.

Iftin yupo. Amerefuka. Kwa hesabu ni wa pili darasani, nyuma ya rafiki yake Idman. Wakati mwingine akiwa darasani anaacha kuandika, anageuza uso dirishani na kuvuta pumzi kwa pua, kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Walimu wengine wanacheka. Mimi sicheki.

Abti, nina ombi dogo. Unaweza kutuambia mtahamia upande gani? Si lazima jina la kisima. Upande tu. Ningependa mtoto ajue.

Ramadhani inaingia kesho kutwa. Mungu atufikishe salama.

Mimi abti yako,
Shamso


Malisho ya Habaswein
17 Machi 2025

Abti Shamso,

Ramadhan karim. Funga yangu haina shida. Vijana wanalala chini ya miti mchana kutwa wakilamba midomo, mimi natembea na ngamia, na umri wangu huu. Wakiniuliza nguvu natoa wapi nawaambia, zaliwa zamani.

Lul anasema tuma majani ya chai.

Umeuliza upande. Abti, upande ni mtoto wa mahali. Ukimtaja mtoto, mama anageuka. Siandiki.

Halafu kuna neno limenifikia. Khadijo, yule anauza chai pale njia panda ya Modogashe, amemwambia Ayanle kwamba alimpa chai msichana wa shule, sweta ya rangi ya zambarau, peke yake, ameshuka kutoka lori tupu la mifugo. Alikuwa anauliza watu kama wameona ngamia wenye alama ya mguu wa ndege shavuni. Mimi nimecheka. Nikasema, Garissa nzima ina watoto wa sweta za zambarau.

Lakini alama ya mguu wa ndege ni alama yangu.

Sisemi ni yeye. Nasema tu Khadijo hana kawaida ya kuota mchana. Niandikie.

Dagane


Garissa
2 Aprili 2025

Kwa abti Dagane,

Idi mubarak kwenu nyote. Majani ya chai nimefunga kwenye dumu, na sukari ya Lul.

Ni yeye.

Sikutaka ujue nikiwa bado natumaini yataisha. Hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze. Mara ya kwanza askari wa lango walimrudisha kabla hajavuka barabara. Mara ya pili Billow alimkuta sokoni kati ya malori. Mara hii mawingu yalipanda upande wa kaskazini wakati wa somo la sayansi, upepo ukaleta ile harufu ya udongo uliolowa mbali, naye akafunga kitabu vizuri, akaweka kalamu juu yake, akatoka kama mtu aliyeitwa. Mwalimu alidhani anaenda msalani. Khadijo alimlaza kibandani kwake mpaka tulipofika, Mungu ambariki mama yule.

Njiani kurudi nilimuuliza, “Iftin, ulikuwa unaenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani ni wapi?”

“Kule mvua iko.”

“Na ukifika usiwakute?”

“Eedo Shamso, nisipoenda ndiyo sitawakuta.”

Kisha alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Likizo moja, akiwa bado mdogo, lori lilimshusha pale boma lilipokuwa. Alikuta ua wa miiba na majivu. Akakaa kwenye majivu, kwa sababu yalikuwa bado na uvuguvugu. Wapita njia ndio waliomwokota. Tangu siku hiyo anaamini kwamba mvua ikinyesha yeye hayupo, watu wake wataondoka, na mara hii majivu yatakuwa baridi.

Mwalimu mkuu wetu, Mustafe, si mtu mbaya. Lakini amesema, “Mwalimu Shamso, siwezi kusimama mbele ya wazee niwaambie mtoto ameliwa na fisi akiwa na sweta yangu.” Sheria haimruhusu kumfukuza mtoto wa umri huu, kwa hiyo hasemi amemfukuza. Anasema apumzike nyumbani mpaka bodi ya shule ikae.

Nimekaa na neno hilo. Apumzike nyumbani. Nyumbani ni wapi, abti?

Shamso


Malisho
26 Aprili 2025

Shamso,

Barua yako imechelewa. Gari la Ayanle lilizama kwenye tope likija kwenu, watu walikunywa maziwa yote ili kupunguza uzito, na wengine walipenda sana kupunguza uzito.

Mvua ilikuja. Sehemu sehemu, kama mtu anayemwagia kuku maji, lakini ilikuja. Tumehama. Nyasi zimetoka laini, kijani yake unaona haya kuikanyaga. Asubuhi ukungu unalala chini na ngamia wanaonekana vichwa tu, vinaelea. Ungeona ungesahau maneno ya bodi.

Sasa sikia. Shule inayoogopa mawingu si shule. Mtoto amesikia mvua kutoka Garissa! Mtu mzima gani Garissa anasikia mvua? Huyo Mustafe anasikia? Mimi nikiwa umri wake nilifuata ngamia aliyepotea kwa harufu ya mkojo wake mpaka nikatokea nchi ambayo watu walinisalimu kwa lugha nyingine. Sikumwita mwanamke yeyote eedo, sikupewa chai. Iftin amenirithi. Wanamwadhibu kwa kipaji.

Na ile habari ya majivu. Tuliacha alama. Kwetu boma likihama tunachomeka tawi bichi kwenye ua, ncha inaelekea tulikokwenda. Kila mtoto anajua. Kama mbuzi wa wapita njia walilila tawi, mimi nifanye nini, nichunge mbuzi wa dunia nzima?

Mlete nyumbani. Nitamfundisha mwenyewe, kusoma na kuandika. Kitabu changu cha ngumbaru bado ninacho, kurasa za mwanzo tu ndizo zimeliwa.

Dagane


Garissa
19 Mei 2025

Kwa abti Dagane,

Nakuheshimu, wewe ni kaka wa mama yangu, na barua hii naiandika nimekaa chini.

Nimlete wapi?

Umeandika ukurasa mzima nimlete nyumbani, umenieleza ukungu, umenieleza nyasi, na hukuandika nyumbani ni wapi. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta. Hata juu, pale mtu anapoandika alipo, umeandika “Malisho”.

Iftin yuko barazani kwangu. Muhula wa pili umeanza, watoto wanapita asubuhi na mikoba, naye amekaa na wake magotini, umefungwa, uso upande wa kaskazini. Hamse anamtambalia, anampandia, yeye hashtuki. Idman anakuja jioni kumwonyesha waliyojifunza. Wanaandika mchangani kwa kidole. Juzi Idman alimwambia, “Wewe rudi tu, Mwalimu Mustafe anasahau haraka.” Iftin akakutaja wewe, “Awowe yangu hasahau. Ananingoja.” Idman akamuuliza, “Anakungoja wapi?” Aliufuta mchanga wote kwa kiganja, vizuri, kama anafuta ubao.

Hali chakula ila maziwa yako.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mustafe. Nimemweleza kwamba huyu si mtoro. Mtoro anaikimbia shule. Huyu anaogopa kuachwa. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba baba yake pia alikuwa na ngamia, na kwamba yeye mwenyewe bwenini alikuwa akilala na viatu, tayari kuondoka. Amekubali kusema na bodi, kwa sharti moja. Mlezi wake atutumie jina la mahali kila mnapohama, kabla ya kuhama. Mtoto aambiwe. Akijua mliko, atakaa.

Neno moja tu, abti. Bodi itakaa kabla ya muhula wa tatu. Bila neno hilo watampa nafasi mtoto mwingine, na wanaosubiri kitanda bwenini ni wengi.

Shamso


Garissa
30 Juni 2025

Abti, maziwa yamekuja mara mbili bila barua. Ayanle anasema mko wazima. Nimefurahi kwa uzima.

Shamso


Malisho
3 Agosti 2025

Kwa abti Shamso, mtoto wa dada yangu, mama wa Hamse,

Assalaam aleikum. Lul hakohoi sasa. Yule ndama jike amepewa jina, jina lake Ifrah. Upepo wa hagaa unavuma mchana kutwa, unapanga vumbi mistari mistari kama daftari.

Sikuandika kwa sababu kalamu iliisha wino.

Lul amesema nisidanganye kwenye karatasi. Basi wino ulikuwepo.

Nitakuambia kitu. Baada ya swala ya alfajiri nilijinyoosha kidogo ubavuni mwa ngamia mweupe, kuna joto zuri pale. Usingizi ukanichukua. Nikamwona Iftin anatembea uwandani na mkoba wake. Mbele yake mawingu, mengi, ya chini kabisa, yanatembea kama ngamia wanaotoka kisimani, matumbo yamejaa. Alikuwa anayachunga. Kila wingu analiita kwa jina na linageuza shingo. Nikafurahi, nikasema kimoyomoyo, huyo ni wangu. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti ile inayosimamisha ngamia dume. Alikuja mpaka nilipo, akainama, akaweka kiganja juu yangu kama mtu anayepima joto, na nikaona kwamba mimi si mtu, mimi ni majivu. Kisha akasimama akaenda zake.

Ndoto ni ndoto. Sisemi maana yake.

Nilimwambia Lul tu. Alikuwa anafukiza vyombo vya maziwa, moshi umemfunika, sauti inatoka ndani ya moshi. Akasema, “Mzee, wewe unataja vita ambavyo hukupigana, unataja simba ambao hawakuzaliwa. Jina la kisima kimoja linakushinda?”

Nikasema, “Nyamaza, hili ni jambo la mvua. Mvua inasikia.”

“Inasikia Kisomali,” akasema. “Mvua ya hapa imejifunza wapi Kiswahili? Ilikaa ngumbaru na wewe? Andika Kiswahili.”

Wallahi nilitafuta jibu. Nimekaa na watu wazima barazani maisha yangu yote, hakuna aliyenifunga mdomo. Bado nalitafuta.

Basi, mvua isikie isisikie, naandika. Tuko karibu na Griftu, upande wa magharibi, penye bwawa la kuchimbwa lililopasuka. Mvua ya deyr ikianza tutahamia Lagbogol. Kuna kisima cha zamani kimefukiwa nusu, migunga mikubwa pembeni. Lagbogol. Nimeandika mara mbili asije akasema babu alikosea.

Mwambie Mustafe mimi sikulazimishwa na bodi. Mimi nimependa.

Dagane


Garissa
6 Oktoba 2025

Kwa abti yangu Dagane,

Nashindwa nianzie wapi. Hamse anatembea. Billow amepata homa akapona. Nimeanza na hayo ili nisianze kwa kulia.

Barua yako niliisoma mbele yake. Akaichukua akaisoma tena mwenyewe, midomo ikitembea. Akauliza, “Awowe ameandika mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Si uongo?”

Nikamwambia, “Babu yako husema uongo mwingi, lakini kuuandika kunamchosha.” Abti, nisamehe. Alicheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu mwaka uanze. Usiku ule alikula wali.

Bodi ilikaa, ikamrudisha. Mwalimu Mustafe aliposimama kumtetea, mzazi mmoja akauliza kama wapo wengine wa namna hiyo. Tukaanza kuuliza watoto. Abti, wamo katika kila darasa. Wengine hawatoroki, wanalala na viatu, wanaficha chapati za njiani chini ya godoro, wanashindwa kusoma wingu likipita. Tulikuwa tukiwapiga, tukiwaita wavivu, tukiwarudisha kwao. Sasa kila Alhamisi gari la maziwa likija, dereva anashuka na habari, na asubuhi yake Mwalimu Mustafe anasimama paredi na kutangaza kama redio: “Kwa kina Iftin wako Griftu, wote wazima. Kwa kina Idman wamefika Habaswein.” Ukisikia kimya cha wale watoto wakati ule! Hata wa mjini wameanza kuomba watangaziwe kwao, na kwao ni nyuma ya msikiti.

Wiki iliyopita mawingu ya kwanza yalipanda. Nilikuwa nafundisha darasa lao. Ile harufu ikaingia dirishani, watoto wote wakageuka kumtazama Iftin. Mkono wangu ulibaki ubaoni na chaki. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, macho amefumba. Mvua ilikuwa mbali sana, tuliiona tu imening’inia kama kanga iliyoanikwa. Kisha akafumbua macho.

“Wanafungasha,” akamwambia Idman. “Wanaenda Lagbogol.”

Akauliza kama swali la nne ni kugawanya au kuzidisha.

Tunafunga shule mwisho wa mwezi. Nitampandisha mwenyewe kwenye gari la Ayanle, na Khadijo atampokea njia panda. Anakuja Lagbogol, abti. Amewaambia watu wote.

Mimi abti yako,
Shamso


Lagbogol
18 Oktoba 2025

Kwa abti Shamso,

Assalaam aleikum. Umeona juu nimeandika wapi.

Lul alisema kweli, mvua haijui Kiswahili. Ilikuja na haikukasirika. Lakini Ayanle anajua Kiswahili, na barua za watu anazisoma njiani kama gazeti. Alimwonyesha jirani yetu Abdihafid. Tulipofika hapa, mimi mbele, nimevaa kanzu ya kufikia mahali, nilikuta ngamia wa Abdihafid wamejaa tele, wametangulia, wamekula nusu ya kila kitu. Yeye mwenyewe amekaa kivulini anakunywa chai. Ananisalimu, “Karibu, Mzee Dagane, nilisoma barua yako, herufi nzuri.” Nilimjibu kwamba hata mwalimu wa ngumbaru alisema hivyo.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini wazee hawataji mahali. Sikuwa mjinga. Waambie hivyo hapo paredini.

Mvua hapa imekuwa kidogo. Upande wa Merti imenyesha vizuri, jioni tunaona radi za huko zinafunguka na kufunga bila sauti, kama mtu anapekua nguo za hariri. Ngamia wanasimama wameelekeza pua huko. Yule ndama Ifrah amekonda.

Jana wanangu wa kiume walikuja wakasimama mbele yangu, heshima nyingi, kofia mkononi, nikajua kuna neno. Wakasema kila mtu anaenda Merti, hata Abdihafid anafungasha, nyasi hapa hazitoshi. Nikawaambia, chukueni kundi mwende. Ngamia wachache wa maziwa niachieni, na mama yenu.

Mdogo ndiye aliyethubutu. “Aabo,” akasema, “maisha yako yote hujawahi kukaa wingu likiwa upande mwingine. Hapa unangoja nini?”

Nikamwambia nangoja shule ifungwe.

Dagane